Fahali wa Dut Kwenye Ukurasa wa Kwanza

Ekiru alifika kambi ya wakimbizi ya Kakuma Ijumaa saa tisa alasiri, amevaa shati jipya, amenyoa ndevu, na tabasamu lake lilitangulia hata kabla pikipiki haijasimama. Maskini Ekiru. Angalifika jana yake, angalimkuta mwanamke yule yule aliyemwacha wiki mbili zilizopita. Alasiri ile alimkuta Awut amekaa juu ya ndoo iliyopinduliwa, mikono imetulia mapajani, na mikono ya Awut haikuwa na desturi ya kutulia.

"Ejok," Ekiru alimsalimu kwa Kiturkana.

"Ejok," alijibu Awut, lakini hakuinuka.

Si kwamba hakutaka. Tangu asubuhi alikuwa akimngoja mtu huyu mmoja tu, na sasa alipomwona akipita kwenye ua wa miba, vumbi la barabara ya Lodwar limemkaa kwenye nyusi, moyo ulimruka kama ulivyozoea kumruka. Hilo ndilo lililomuumiza zaidi. Alidhani baada ya habari za leo moyo ungekuwa na adabu kidogo.

Ekiru akachuchumaa mbele yake, simu mkononi.

"Cheki hii kwanza. Usiseme kitu, angalia tu. Nimeandika 'milaya za harusi', vile mtu wa Juba ama Melbourne anaandikanga. Nani wa kwanza? Ni sisi! Ukurasa wa kwanza, mstari wa kwanza. Na kuna mama mmoja wa Calgary anataka arobaini za harusi ya binti yake. Arobaini, Awut!"

Milaya ni shuka za kitanda zilizodariziwa kwa mkono. Kwa watu wa Sudan Kusini, bibi harusi asiye na milaya huonekana kama aliyeolewa kwa bahati mbaya, na Kakuma nzima hapakuwa na mkono wa kudarizi kama wa Awut. Alishona ndege, maua, tausi wenye mikia mipana. Na pembeni kabisa ya kila shuka, mahali ambapo mgeni asingetazama mara mbili, alishona fahali mdogo mweusi mwenye kichwa cheupe.

"Atem amekuja," alisema Awut.

"Atem gani?"

"Ndugu ya Dut."

Tabasamu la Ekiru halikuondoka mara moja. Lilibaki usoni peke yake kitambo, halina kazi, kisha likafa.

"Ndugu ya marehemu?"

"Alikuwa hapo unapokaa wewe. Saa tatu asubuhi."

Ndani ya nyumba ya mabati kulisikika sufuria ikiwekwa chini kwa nguvu. Alikuwa Mama Kon, mdogo wa mama yake Awut, mwanamke ambaye hasira zake zilipitia kwenye vyombo kabla ya kufika mdomoni.

Msomaji ambaye hajui Awut alikimbia nini, ajue sasa. Dut, mumewe, aliuawa na wezi wa ng'ombe miaka minne iliyopita, akaacha mtoto mmoja, msichana, Achol. Hakuacha mtoto wa kiume. Kwa Wadinka mtu wa namna hiyo hajafa vizuri, kwa hiyo ndugu yake humchukua mjane na kuzaa naye watoto watakaoitwa kwa jina la marehemu. Awut hakuidharau mila hiyo. Bibi yake mzaa baba aliishi hivyo na akazeeka kwa heshima. Lakini Atem alikuwa na uso wa Dut, sauti ya Dut, hata namna ya Dut ya kukohoa kabla ya kuongea, na Awut alimpenda Dut. Hakuweza kulala kila usiku pembeni ya sura ile bila Dut mwenyewe kuwamo ndani yake. Alimbeba Achol mgongoni, akarudi Kakuma alikosoma shule ya msingi utotoni, akajiandikisha kwa jina la ukoo wa mama yake. Miaka minne hakuna aliyempata.

Kisha mwaka jana akapata ruhusa ya kwenda Lodwar kwenye maonyesho ya wafanyabiashara wadogo, na meza ya pili kutoka yake akakaa kijana mrefu mwenye laptopu iliyofungwa na mpira wa baiskeli. Watu wa Lodwar walimwita Fundi wa Google. Kazi yake ilikuwa kuzipandisha biashara za watu mtandaoni, ili mtu akitafuta kitu, jina lao litokee juu ya mengine. Alimfanyia mwenye gesti moja mjini, na fundi wa tairi wa Lokichar akapata madereva wasiojua hata Lokichar ni wapi. Awut alimsikiliza kwa adabu. Alipomaliza, alikuwa amesahau nusu ya maneno lakini si macho.

Mama Kon hakukubali tangu siku ya kwanza.

"Kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza," alimwambia Ekiru alipokuja kuchukua kazi rasmi. "Hii biashara ni ya wanawake watatu na sindano. Mtaalamu wa nini? Harusi ikiwa hapa, watu wanakuja hapa. Mdomo wa watu inatosha."

"Mama, mdomo wa watu unafika wapi? Unafika laga, kwa ule mto mkavu, unarudi," Ekiru alijibu, akicheka. "Mtu wako wa Calgary hajui mdomo wa Kakuma. Akitafuta na asikuone, kwake wewe hupo."

"Sisi tulikuja hapa ili tusiweko, ya ibni, mwanangu," alisema Mama Kon. "Wewe unauza kuonekana. Uliza kwanza kama mtu anataka."

Na Ekiru, kwa haki yake, aliuliza. Awut alimpa masharti mawili: jina lake lisionekane, na uso wake usionekane. Alimlipa kama anavyolipwa mtu wa kazi, akakataa kupunguziwa, kwa sababu tayari alikuwa ameanza kumpenda na hakutaka mapenzi yaanze na upendeleo. Ekiru alishika masharti yote mawili. Mtu asije akasema hakuyashika.

"Amejuaje?" Ekiru aliuliza sasa. Sauti yake ilikuwa imeshuka. "Jina sikuweka. Picha yako sikuweka, hata mkono."

"Uliweka fahali."

Ekiru akaitazama simu mkononi.

"Ulipiga picha pembe ya shuka, karibu sana, mpaka nyuzi zinahesabika. Ukaandika juu, kwa herufi kubwa, 'Makuei, fahali wa Dut.' Atem ameniambia alikuwa Juba, anatafutia binti ya mjomba yao milaya ya harusi. Ameona hiyo kitu kwa simu akiwa anavuka barabara. Amesema alikaa chini pale pale barabarani, watu wanampigia honi, analia."

"Awut..."

"Sikio la kushoto limekatwa, umeona? Nimelishona hivyo kila mara. Ilikuwa fisi. Dut na Atem walikuwa watoto, wamelala kwa kambi ya ng'ombe, wakamfukuza huyo fisi na moto mkononi. Hakuna watu wengine duniani wanajua hilo sikio. Ni wao wawili na mimi."

Awut alikumbuka siku aliyomwambia Ekiru jina lile. Walikaa hapa hapa, Achol akiwa shuleni, na Ekiru alikuwa akihangaika. Maneno ya kawaida, alieleza, yametumiwa na kila mtu. 'Shuka nzuri' wanazo watu milioni. Alihitaji maneno ambayo hakuna mwingine anayo. Kisha kidole chake kikafika kwenye fahali, akauliza, huyu ni wa nani? Ilikuwa mara ya kwanza kwa Awut kulitamka jina la Dut mbele ya mwanamume mwingine. Alilitamka na hakufa. Jioni ile alijua kwamba anaweza kupenda tena, na alilala akiwa na furaha aliyoionea aibu.

"Kwetu," Ekiru alisema, akitazama chini, "mtu akicheza ngoma ya edonga anainua mikono kama pembe, anaita ng'ombe yake mbele ya watu wote. Baba yangu alikufa, na mpaka leo wazee wakitaka kumheshimu hawasemi jina lake, wanasema la ng'ombe yake. Mimi nilikuwa nachukua mke wa mtu, Awut. Mtu aliyekufa. Nikasema, nitachukuaje mke wake hivi tu kama mwizi? Wacha kwanza nimuite. Niite ng'ombe yake juu kabisa, mahali dunia yote itaona, ajue simchukulii kwa dharau." Alifuta uso kwa mkono. "Hiyo ilikuwa salamu yangu kwake."

Hapo ndipo Awut alipolia. Tangu saa tatu hakuwa amelia, wala mbele ya Atem, wala kwenye ofisi ya wakimbizi alikokwenda kushtaki. Angaliweza kumchukia Ekiru kwa uzembe au kwa tamaa. Kwa heshima alishindwa.

Mama Kon alitoka na chai ya rangi katika vikombe viwili, akampa Awut kimoja, akasimama na kingine bila kumpa mtu.

"Kunywa, kijana," alisema mwishowe, akakisukuma kwa Ekiru. "Nimekasirika na wewe, lakini kunywa."

"Mama, naomba msamaha."

"Malesh. Maji yakimwagika hayazoleki. Wazee wa blok yetu hapa kambini wanakaa kesho asubuhi kusikiliza hii kesi. Ng'ombe themanini za mahari zilitoka kwao. Wewe unafikiri watasema nini?"

"Twende ofisini tuandikishe malalamiko," alisema Ekiru.

"Nimeshaenda," alisema Awut. "Wamenisikiliza vizuri, wameandika kila kitu. Wamesema nirudi Jumatatu."

"Na huyo Atem anasema nini? Ametisha?"

"Hajatisha. Ingekuwa afadhali." Awut alishika kikombe kwa mikono miwili. "Amesema, mke wa ndugu yangu, sikuchukii. Amesema kila mwaka anaota Dut amesimama nje ya boma, anaomba maji, na hakuna mtoto wa kumpelekea. Amesema nirudi, nizae kijana mmoja tu, kisha hatanigusa tena. Na kama sitaki, Achol atarudi naye, kwa sababu Achol ni wa ng'ombe zile. Hata hajapaza sauti."

Ekiru alisimama, akazunguka ua mzima kama mtu aliyepoteza ufunguo, akarudi, akaketi.

"Nafuta ukurasa. Sasa hivi."

Alitoa simu, akafungua, akaanza kufuta. Kidole kilienda haraka. Ndicho kidole kilichojenga vyote. Shuka ya tausi ilitoweka, ya maua ikatoweka, fahali akatoweka. Kisha akaandika tena maneno yale yale ya kutafutia, akangoja, na fahali wa Dut akatokea mstari wa kwanza, sikio limekatwa. Wanawake wa Melbourne walikuwa wamemsambaza. Mwenye duka wa Juba alikuwa ameiba picha, akaiweka kwake, na maelezo yote chini.

"Itashuka," alisema Ekiru. "Nipe wiki mbili, tatu. Itashuka."

"Kesho ni kesho, Ekiru."

"Basi twende Lodwar! Twende kwangu, Kanamkemer. Wewe na Achol. Sasa hivi, wacha kila kitu."

Loo, jinsi Awut alivyotaka. Aliiona nyumba ile ambayo hajawahi kuingia. Aliona viatu vya Achol mlangoni, na shati hili jipya limeanikwa kwenye kamba. Aliitamani mpaka mdomo ukakauka.

"Shuka chini kabisa kwa ukurasa," alisema polepole. "Chini kabisa. Umeandika nini?"

Ekiru hakuhitaji kutazama. Alikijua alichoandika, kwa sababu alikiandika kwa wateja wake wote, na kwa huu alikiandika kwa majivuno zaidi: kazi hii imefanywa na Ekiru, Lodwar, na namba ya simu, na ramani ya ofisi.

"Atem amenionyesha," alisema Awut. "Ameniuliza, huyu Ekiru ni nani wako? Nimesema ni fundi. Ameniangalia tu. Amesema, fundi haandiki hivi jina la ng'ombe ya mtu. Huyu anakupenda. Akasema nikipotea tena, hatahangaika Kakuma. Ataanzia kwako."

Nje ya ua mtu alipita akisukuma mkokoteni wa maji, magurudumu yanalia.

"Basi mimi pia nipotee," alisema Ekiru. "Nafunga ofisi. Natupa laini. Tunaenda wote watatu mahali hakuna mtandao. Kaikor. Kaaleng. Naweza kuchunga mbuzi, mimi si mtoto wa mjini hivyo."

"Na mama yako?"

Mama yake, Akaale, alikuwa na sukari iliyomla miguu na nusu ya macho, na Ekiru ndiye mtoto pekee aliyebaki kumchoma sindano asubuhi na jioni. Huyo Akaale alimkataa Awut bila kumwona. Mwanamke wa ng'ombe za watu, alisema, haolewi mpaka ng'ombe zirudi kwa wenyewe. Utaoa kesi, mwanangu. Ekiru alicheka na Awut alicheka naye, na sasa mzee yule ndiye aliyekuwa amesema kweli.

Awut alimtazama akifikiri. Aliona jinsi uso ulivyohesabu siku, sindano, jirani gani wa kuachiwa, na jinsi ulivyorudi mikono mitupu. Wengine wangesema uongo mtamu hapo. Ekiru aliinamisha kichwa tu, na Awut akampenda kwa hilo kuliko kwa maneno yote ya mwaka mzima.

"Kwa hiyo unaondoka. Unaenda wapi?" Ekiru aliuliza.

"Siwezi kukuambia."

"Awut, mimi..."

"Wakikuuliza utasema hujui, na uso wako utakuwa unasema kweli. Wewe hujui kudanganya. Kila kitu kinatoka kwa uso." Alimgusa shavu, lilikuwa na joto na vumbi. "Na kuna jambo lingine. Watu wote wanaweza kunitafuta wakashindwa. Wewe hutashindwa. Unajua mtu anatafutwa vipi. Utajua naandika nini nikiuza, naita shuka zangu nani, mwanamke kama mimi anaacha alama gani. Ndiyo maana nakuomba. Usinitafute."

"Usinipe hiyo ahadi."

"Niahidi."

"Awut, niombe kitu kingine. Niombe chochote."

"Ukinipata wewe, Atem atakuwa nyuma yako. Niahidi."

Mama Kon aligeuza uso ukutani. Ekiru aliushika mkono wa Awut, ule wa sindano, wenye ncha za vidole zilizokuwa ngumu, akaubana machoni pake, na machozi yakapita kati ya vidole. Alikaa hivyo muda mrefu. Aliposema, aliyasema kwenye kiganja.

"Naahidi. Sitakutafuta."

"Nipe simu."

Alimpa. Awut alipitia kila kitu taratibu, kama anayefumua mshono wa mtu mwingine bila kuchana kitambaa. Alifuta picha za Achol akiwa na sare ya shule. Alifuta sauti alizomrekodia usiku wa joto, akilalamikia mbu na kucheka. Alifuta mazungumzo yote, tangu 'habari ya asubuhi, ni yule mama wa milaya wa maonyesho' hadi ujumbe wa jana, uliosema tu 'njoo'. Mwisho akafika kwenye namba yake. Ekiru alikuwa ameiandika 'Nyumbani'. Awut hakujua hilo. Mwaka mzima amepigiwa simu na hakuwahi kuuliza ameandikwa nani.

Simu ikauliza kama ana uhakika.

"Bonyeza wewe," Awut alimwambia.

"Siwezi."

Awut akabonyeza mwenyewe.

Saa kumi na mbili kasorobo lori lililoleta matangi ya maji liliondoka likiwa tupu, na nyuma yake, chini ya turubai, walikaa mwanamke, mtoto wa miaka tisa na mfuko mmoja wa nguo. Liliwapeleka wapi? Sisemi. Wewe pia una simu mfukoni.

Ekiru hakuruhusiwa kwenda hadi barabarani. Alibaki uani kwa Mama Kon, amekaa juu ya ndoo iliyopinduliwa, akisikiliza kila injini iliyopita na kujizuia asijue ni ipi. Mama Kon alikaa chini karibu naye. Alimwekea mkono mgongoni, mkono mzito wa mama, na hakumwambia kwamba yatapita.

Kwenye lori Achol alivumilia mpaka vumbi likafunika kila kitu nyuma yao. Alikuwa ameambiwa ni safari. Hakuwa mjinga.

"Mama, simu yako iko wapi?"

"Nimeiacha."

"Sasa anko Ekiru atajuaje tumefika?"

Awut alimvuta mtoto kifuani, akakaza mikono.

"Hatajua," alisema.